Fundi Vioo na Mwanawe

Kibao kilitundikwa juu ya mlango wa duka kabla Almasi hajazaliwa. Maneno yake yalikuwa manne tu: FUNDI VIOO NA MWANAWE. Mama yake alikuwa na mimba ya miezi ya mwisho, na baba yake, ambaye subira haijawahi kuwa ugonjwa wake, alimwita mwandishi wa vibao wa mtaa ule akamwambia aandike. Mwandishi huyo waliyemwita Brashi alikuwa kijana bado, lakini kazi ilikuwa imeshamfundisha kutouliza sana. Siku ile aliuliza swali moja tu: je, akizaliwa wa kike? Fundi akamjibu kwamba hatazaliwa wa kike.

Akazaliwa wa kike. Majirani wenye midomo wakangoja kuona fundi atauweka wapi uso wake. Wengine wakamshauri akifute kibao mapema, kabla hajachekwa. Fundi akatoka nje, akasimama katikati ya njia, akakisoma neno kwa neno, kisha akacheka mwenyewe. Mwana ni mwana, akasema. Wa kiume ni mwana na wa kike ni mwana, kibao hakijakosea hata herufi. Tena akaona dalili ndani yake: kama Mungu angetaka mambo mengine, si Brashi angeandika neno jingine? Hivyo binti akaja duniani akakuta ameshaandikwa. Watu walimsifu baba yake kwa moyo ule, na walistahili kumsifu, ila hakuna aliyemuuliza mtoto.

Jina alilopewa na wazazi lilikufa mapema. Mtaani walimwita Almasi, kama kinavyoitwa kile kidude cha kukatia vioo, kwa kuwa tangu akiwa na sare za shule hakikumtoka mkononi. Mama yake alipofariki, shule ikaisha, wakabaki wawili: baba mbele na wateja, mwana nyuma na meza. Baadaye mikono ya baba ikaanza kutetemeka, na mikono inayotetemeka haina kazi kwenye kioo. Mwana akawa mbele na nyuma, baba akawa mtu wa kukaa kwenye kiti karibu na mlango na kuwaeleza wateja mipango ya Mungu.

Maana mzee yule kila kitu kwake kilikuwa kimepangwa. Dirisha likipigwa na mpira, lilipangiwa. Kioo cha kabati kikimponyoka mkononi, anatikisa kichwa na kusema kilikuwa na siku yake. Ila akikivunja mteja, hapo ilikuwa uzembe wa mteja, na mipango haikutajwa.

Kazi yenyewe ina adabu zake. Kioo hakikatwi kama kitambaa, kwamba ukighairi njiani unageuza mkasi. Unalaza rula ya chuma, unapitisha almasi mara moja tu, na mstari huo huurudii, kwa sababu ukiurudia umeharibu kioo na almasi pia. Na ukishachora unapasua papo hapo. Unausogeza mstari kwenye ukingo wa meza, unakandamiza kwa viganja, kioo kinaachia. Ukiuacha ukaenda kunywa chai, mstari unapoa. Ndivyo mafundi wanavyosema, umepoa. Kwa macho huoni tofauti, lakini ukija kupasua baadaye kioo kinakwenda kinakotaka chenyewe. Almasi alifundishwa hilo akiwa mdogo, kwa rula ya chuma juu ya vidole, na tangu hapo hakuwahi kuacha mstari ukapoa.

Mstari wa kioo, yaani. Kuna ndiyo moja aliyoitamka mwenyewe na akaiacha inapoa tangu mvua zilizopita.

Aliitamka kwa dereva wa lori la kiwanda cha vioo. Watu walimwita Polepole, kwa sababu maisha yake yote aliendesha kama mtu aliyepakia mayai, na hata lori likiwa tupu mguu wake ulikuwa umeshazoea. Alimpenda Almasi kwa mwendo huohuo. Alianza na salamu, akaja kwenye utani, akaja kumletea vipande vya vioo vya rangi alivyookota kiwandani, mpaka Almasi alipokuwa amefika umri ambao shangazi yake aliacha kumuuliza lile swali la kuolewa na kuanza kumwombea tu. Hapo ndipo Polepole akasema. Walikuwa nyuma ya lori, kila mmoja ameshika upande wake wa kasha, kwa hiyo Almasi alipojibu ndiyo hawakuweza hata kushikana mikono.

Kilichobaki ni kumwambia mzee. Almasi alisema atamwambia kesho, na kesho yake akasema hivyohivyo. Hakuwa akidanganya. Kila asubuhi alikuwa na maneno tayari mdomoni, kisha anafungua mlango, anapita chini ya kibao, na yanarudi tumboni. Alikuwa amechoka. Alichoka na vumbi la kioo linalokaa kwenye mikunjo ya vidole, alichoka kusikia wateja wakimwambia baba yake kwamba amebahatika, alichoka kujua saa mbili asubuhi jinsi saa kumi na moja jioni itakavyokuwa. Lakini angemwachaje mzee mwenye mikono ile, kwenye duka lililoandikwa wawili? Aliliwaza hilo usiku na mchana, na kila alipoliwaza alikuta ukuta uleule.

Asubuhi ya siku tunayoisema, Polepole alishusha kasha la mwisho. Kiwanda kilikuwa kinamhamishia tawi la mbali, na lori angeliendesha yeye mwenyewe hadi huko jioni ileile.

"Umemwambia?" akauliza.

"Leo."

"Leo ipi?"

"Leo hii, Polepole. Begi langu lipo nyuma ya makasha matupu. Nilishalifunga."

Polepole akafuta jasho kwa mkono wa shati. "Nina mzigo mmoja wa kushusha kule chini, halafu nitapita hapa. Nitasimama ng'ambo ya njia. Nikikuta umeshamwambia mzee, nitaingia nimwamkie kwa heshima zote, tuongee kama watu wazima. Hata akisema tungoje, tutangoja. Nikikuta hujamwambia, sikulaumu. Ila sitakuuliza tena. Na mimi nina moyo, sina tairi humu ndani."

"Utakuta nimemwambia."

"Maneno mawili tu, Almasi. Yakizidi mawili utayapamba mpaka yageuke."

Akapanda akaondoka, polepole kama kawaida, na Almasi akabaki na furaha iliyochanganyika na hofu kiasi kwamba hakujua ipi ni ipi.

Haukupita muda Brashi akafika na makopo yake. Sasa alikuwa mzee, mgongo umepinda kwa kupanda ngazi za watu. Jua na mvua vilikuwa vimekila kibao mpaka mgeni alihitaji kukisia, na mzee wa duka ndiye aliyemwita aje akiandike upya. Almasi alimwamkia, akaitikiwa, akarudi mezani. Aliwaona wazee wawili wakiongea kwa chini mlangoni, baba yake akionyesha kibao kwa kidole kinachotetemeka. Brashi akakishusha, akakilaza juu ya stuli mbili nje ya duka. Mzee akapita ndani bila kumtazama binti yake, akasema anakwenda kunyoosha mgongo kidogo, akajifungia chumba cha nyuma.

Juu ya meza palikuwa na kioo kikubwa cha saluni. Almasi akakipima, akalaza rula, akajisemea: nikipasua hiki naingia kwa Baba. Baba, nimepata mtu. Maneno yalikuwa matatu, lakini Polepole asingemgombeza kwa neno moja. Akapitisha almasi. Sauti ikatoka safi, mstari ukanyooka. Akainua uso ili ashike kioo kwa viganja, na macho yake yakatoka nje ya mlango, yakatua kwenye kibao.

Brashi alikuwa anapaka rangi nyeupe juu ya NA MWANAWE. Alishafuta NA, alishafuta nusu ya MWANAWE.

Almasi aliacha kioo mezani akatoka.

"Mzee, unafanya nini?"

"Nafuta, mwanangu. Baba yako kasema hii 'na mwanawe' iondoke. Kibaki Fundi Vioo tu."

"Kwa nini?"

"Mimi huwa siulizi. Niliuliza mara moja tu kwenye maisha yangu, kuhusu kibao hikihiki, na unajua jibu nililopewa."

Hasira ilimpanda Almasi kutoka miguuni. Ukimuuliza leo, atakuambia hajui ilitoka wapi. Mtu ana begi nyuma ya makasha, amejiandaa kukikimbia kibao, kisha anakuta kibao kinamkimbia yeye, na badala ya kushukuru anaona giza. Aliona miaka yote ile chini ya rangi nyeupe. Aliona vidole vyake vilivyokatwakatwa, na shule aliyoiacha, na harusi za wenzake alizohudhuria akiwa na plasta mkononi. Kumbe kumfuta mtu brashi moja inatosha, na baba mtu hata hakumtazama usoni. Machozi yalikuja, akayarudisha.

"Rudisha," akasema.

"Mzee ndiye aliyeniita."

"Mzee hajakata kioo siku nyingi. Anayekata vioo humu ni mimi. Nakwambia rudisha."

Brashi akachovya brashi kwenye kopo la rangi nyeusi, akaishikilia juu ya ubao bila kugusa. Alikuwa mtu mzima, na pengine aliona kitu. "Niandike nini?" akauliza taratibu. "Sema mwenyewe, mama. Mimi naandika ninachoambiwa."

Akangoja. Tone la rangi likajikusanya kwenye ncha ya brashi. Tangu azaliwe hakuna mtu aliyewahi kumuuliza Almasi swali hilo, na nafasi ilikuwepo, nyeupe, ya upana wa maneno mawili. Angeweza kusema acha tu. Angeweza hata kunyamaza, na kunyamaza alikuwa hodari.

"NA MWANAWE," akasema. "Kubwa kuliko mwanzo. Na ukimaliza kitundike hivihivi kibichi."

Alisimama pale akamsimamia herufi kwa herufi. Lazima tuseme ukweli, alijisikia vizuri. Kwa mara ya kwanza alikuwa ametoa amri kuhusu maisha yake, na amri ikatiiwa. Kibao kilipopanda juu ya mlango kikiwa bado kinang'aa kwa unyevu, alikitazama kwa kifua mbele.

Kelele za nyundo ndizo zilizomtoa mzee ndani. Alikuja akipikicha macho, akatoka hadi njiani, akageuka, akasoma. Alisoma kwa muda mrefu kwa mtu anayejua maneno manne kwa moyo.

"Nani kaandikisha?"

"Mimi."

"Nilimwambia afute."

"Najua. Ndiyo maana nimeandikisha. Nimekosa nini, Baba, mpaka nifutwe?"

Mzee akarudi kwenye kiti chake, akakaa kama mtu aliyebeba mzigo kumbe alipotakiwa kuutua ameshapapita. "Hukukosa kitu," akasema. "Begi lako nililiona. Nilikwenda kutafuta kamba, nikalikuta."

Almasi akageuka kutazama makasha matupu.

"Na huyo wa lori, kwani mimi kipofu? Nani anashusha kasha moja asubuhi nzima? Nikamngoja aje. Haji. Nikakungoja wewe useme. Husemi. Nikajiambia, nikimwambia nenda, atadhani namfukuza. Acha nifute tu. Akiona, atajua njia ni nyeupe."

"Si ungesema tu, Baba."

"Si nawe ungesema."

Wakatazamana. Walifanana sana wawili hawa, na huo ndio uliokuwa msiba wao. Nyumba nzima ilikuwa imeendeshwa kwa kukisiana, kila mmoja akimhurumia mwenzake kimoyomoyo na kumfungia mlango kwa huruma hiyo.

"Shangazi yako ameshanisafishia chumba," mzee akaendelea. "Ningefunga hapa nikaenda kukaa na dada yangu, nikapumzika. Mimi duka hili nimelichoka tangu mama yako alipoondoka. Nilikuwa nalishikilia kwa ajili yako. Nikasema, mwenye kuandikwa humu yupo, nitafungaje?"

Almasi alitaka kucheka, na kama angecheka asingeweza kunyamaza. Yeye alibaki kwa ajili ya baba, naye baba alibaki kwa ajili yake, na katikati yao kulikuwa na ubao mmoja.

"Kumbe ulikuwa unalipenda," mzee akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayejikaza afurahi. "Basi. Ndivyo ilivyopangwa."

Almasi akafungua mdomo aseme hapana. Hapo hapo akasikia lori.

Alikimbilia kizingitini. Lori lilipunguza mwendo, likasimama ng'ambo ya njia kama lilivyoahidi. Polepole alikuwa ametoa kiwiko dirishani, amevaa shati jingine, lililopigwa pasi. Hakumtazama Almasi kwanza. Alitazama juu ya kichwa chake, ambako Brashi alikuwa kwenye ngazi akigonga msumari wa mwisho, na midomo yake ikatembea kidogo kama ya mtu anayesoma. Kisha akamtazama Almasi, akatazama tena juu. Almasi akainua mkono. Hakujua kama mkono ule ulikuwa unasema ngoja au unasema kwaheri, na kama yeye hakujua, dereva angejuaje? Polepole akatia gia, na kwa mara ya kwanza mtaa ule ukamwona akiondoka kwa kasi.

Almasi akampigia simu. Alipokea.

"Nimekiona kibao," Polepole akasema.

"Si hivyo unavyodhani. Baba alikuwa anakifuta."

"Alikuwa anakifuta?"

"Alijua yote. Alikuwa anatuachia. Rudi, nitakueleza."

Injini ikasikika ikinguruma. "Kwa hiyo nani kasema kiandikwe tena?"

Angeweza kusema Brashi alikosea. Uongo ulikuwa karibu, umeiva, na yule mzee juu ya ngazi asingeukana. Lakini Almasi hakuwahi kumdanganya Polepole, isipokuwa kwa neno kesho.

"Mimi," akasema. "Nilikasirika tu."

"Ulikasirika."

"Nilikasirika, nikaona nafutwa. Haikuwa na maana yoyote."

"Almasi," akasema, na hakuwa na ukali hata kidogo. "Mimi nilikuomba maneno mawili, hukuweza. Ya kibao umeyaweza. Na yenyewe yalikuwa mawili." Akavuta pumzi. "Nakaribia kona, siwezi kuendesha huku naongea. Msalimie mzee."

Simu ikakatika. Alipiga tena ikaita mpaka ikanyamaza, na baadaye haikuita kabisa.

Alirudi ndani kwa sababu hakukuwa na mahali pengine pa kwenda. Begi lilikuwa palepale nyuma ya makasha. Kioo cha saluni kilikuwa palepale mezani, na mstari wake umenyooka vizuri, kama vile amechora sasa hivi. Alijua umepoa. Hata hivyo alikisogeza kwenye ukingo, akaweka viganja, akakandamiza. Kioo kilifuata mstari kidogo, kisha kikauacha, kikakata kona kuelekea kwenye kifua chake, na kikaanguka sakafuni vipande vipande.

"Kilikuwa na siku yake," mzee akasema kutoka kwenye kiti, kwa upole, akidhani anamfariji.

"Hapana, Baba. Nilikichora nikakiacha."

"Usijitese, mama. Mtu hapiti njia aliyoandikiwa mwingine. Umeandikiwa hapa."

Almasi alimtazama baba yake, na alimpenda, na alimwonea uchungu, na wakati huohuo alitamani angekuwa mahali popote pengine duniani. Angalau neno lile alikuwa na haki ya kulikataa.

"Sikuandikiwa," akasema. "Nimeandikisha."

Mzee akaweka mikono juu ya magoti, akawaza atamwambia nini dada yake kuhusu kile chumba.

Brashi akachungulia mlangoni, makopo mkononi, ngazi begani. Alikuwa ameridhika na kazi yake.

"Nimemaliza," akasema. "Safari hii nimetumia rangi ya mafuta. Mvua hii wala ijayo haitaitoa. Hata wewe ukizeeka utakikuta."

"Asante, mzee," Almasi akamjibu. Akachukua ufagio nyuma ya mlango, akaanza kukusanya vipande, vikubwa kwanza.